Baba Hashindani na Mkwe

Embu,
9 Machi 1986

Kaka yangu mpendwa Mithika,

Salamu zangu zipande na zishuke vilima vyote vilivyo kati ya Embu na Githongo mpaka zikukute umesimama pale penye mizani, grisi hadi masikioni kama kawaida yako. Hamjambo nyote? Mama na mguu wake? Baba? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na Kiende wako? Mwambie wifi yangu mtarajiwa kwamba rinda nitakalovaa harusini kwenu nimeshalishona akilini, bado kitambaa tu.

Mimi sijambo. Mimi ni zaidi ya sijambo! Kaka, kumbe ndoa ni hivi? Nthiga huamka kabla yangu, akawasha jiko, akaniletea chai kitandani. Kitandani, Mithika! Mama mkwe alipomwona na kile kikombe akapiga kelele, "Nthiga, umeoa ama umeolewa?" Naye akamjibu, "Mama, vyote viwili." Nilicheka hadi chai ikanimwagikia.

Tena kuna jambo. Nthiga ameacha ukarani na kukodi chumba karibu na soko, anauza mabati, misumari, seng'enge na bomba. Duka la chuma, kama la Baba! Tunaishi chumba cha nyuma, na usiku nikilala nanusa bati jipya, nikasahau kwamba nimetoka nyumbani. Unakumbuka alivyokuja huko mara ya kwanza kununua mabati ya kanisa lao, kisha akawa anarudi kila Jumamosi kununua nusu kilo ya misumari? Nani hutoka Embu hadi Githongo kwa ajili ya misumari? Juzi nilifungua sanduku lake la nguo nikaikuta yote, katika karatasi zile zile nilizomfungia kwa mikono yangu. Hakupigilia hata mmoja. Nililia, kaka. Kuna mwanamke mwingine duniani aliyewahi kuposwa kwa misumari?

Sasa Nthiga anaomba msaada mdogo. Yule muuzaji wa jumla wa Nairobi anayempa Baba mabati kwa bei nzuri anaitwa nani, na yuko mtaa gani? Miaka yote niliyokaa dukani nilimjua kwa sauti ya simu tu. Tuandikie kupitia sanduku lake la posta, maana mimi sina langu. Barua zangu huzifungua yeye, kisha hunisomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mkono wake begani pangu. Kusomewa habari za kwetu na sauti ninayoipenda ni raha isiyo na jina.

Dada yako aliyelewa bila kunywa,
Karambu


Githongo,
30 Machi 1986

Karambu,

Tuko wazima. Kiswahili changu ni cha darasa la saba, kwa hivyo wewe wa kidato cha nne utanivumilia. Mguu wa Mama huuma mvua ikija, na mvua imekuja. Ng'ombe amezaa dume, Baba amekasirika kama vile alidanganywa. Kiende anauliza hicho kitambaa cha akilini ni mita ngapi, asije akalipishwa.

Macho ya Baba hayasomi tena, basi barua yako nilimsomea hapa dukani, wateja wakisikiliza. Tulipofika kwenye misumari mzee mmoja wa Kanyakine akasema, "Thuranira, kumbe ulikuwa ukiuza binti kwa kilo!" Baba alicheka mpaka akaketi juu ya seng'enge akaruka tena.

Halafu akaanza hadithi yake. Unaijua. Alisema kijana anayeanza na chumba kimoja anamkumbusha ile miaka ya kwanza ya uhuru, alipokuwa akipanda hadi Timau kununua mapipa matupu ya mafuta kwa wazungu waliokuwa wakihama. Aliyashusha kwa punda, akayapasua, akayanyosha kwa nyundo nyuma ya nyumba hadi majirani wakamwomba ahamie ng'ambo ya mto na kelele zake. Paa la kwanza lisilo la nyasi hapa kwetu lilitoka kwa yale mapipa. Ukisimama ndani ukatazama juu bado unasoma jina la mafuta. Kisha yakaja mabati ya shule, gata za kukinga maji ya mvua makanisani, bomba za viwanda vya kahawa, na mwisho lori la bluu. Alisimulia yote, wateja wakasubiri. Mmoja alichoka akaenda.

Kuhusu muuzaji wa Nairobi, nilimwambia Baba hilo jina ni uti wa mgongo wa duka. Akaniuliza, "Nthiga ni nani kwetu?" Nikasema ni mkwe. "Basi unaniuliza nini?" Unajua uthoni, heshima ya wakwe, ulivyo kwetu, dada, na nadhani hata huko Embu ni hivyo. Mkwe hanyimwi, hakaripiwi, wala habishaniwi bei. Jina na mtaa nimeandika nyuma ya karatasi hii.

Wako,
Mithika


Embu,
18 Mei 1986

Kaka Mithika kipenzi,

Nikufikie ukiwa na afya, na nyote mkiwa mmeshiba, na mvua ikiwa imewaachia hata siku moja ya kuanika nguo! Huku maharagwe yametoka maua na mama mkwe ananifundisha Kiembu. Nikikosea ananicheka, nami namcheka anapojaribu Kimeru, basi jikoni kwetu ni vicheko mpaka chakula kinaungua.

Mbarikiwe kwa lile jina! Yule mzee wa Nairobi alipomsikia Nthiga akisema yeye ni mkwe wa Thuranira, alimpakilia mabati kwa mkopo siku hiyo hiyo. Ona jina la Baba linavyosafiri! Niliona fahari hadi nikaimba nikifua.

Na mimi sasa ni mwalimu, Mithika. Jioni tukifunga duka Nthiga huketi kwenye kreti nami kwenye kiti, eti kwa sababu mimi ndiye mkubwa, nikamfundisha kila kitu nilichojifunza kwa Baba. Kwamba viwanda vya kahawa hununua bomba kabla ya mavuno, si baada. Kwamba shule huagiza mabati baada ya harambee, hivyo mtu asome matangazo ya harambee kanisani. Nimemtajia kila katibu wa chama cha kahawa kuanzia Chuka hadi huko kwetu: nani hupenda kuulizwa habari za watoto kwanza, nani hachukui soda kwa sababu ya sukari, nani asiyepatikana Alhamisi. Ananitazama kana kwamba nasoma Maandiko. Juzi alinishika vidole akasema, "Baba yako alinipa mali inayozidi mahari niliyolipa." Hebu niambie, utaacha kumpenda mtu kama huyo?

Barabara ya lami imefanya dunia kuwa ndogo. Anasema karibuni atafika hata Kanyakine, hapo jirani na kwetu. Akifika mpe uji, anapenda wa wimbi uliochachuka kidogo.

Harusi yenu ni lini jamani? Umenyamazia hilo.

Karambu wenu


Githongo,
2 Julai 1986

Karambu,

Samahani kwa kuchelewa. Tuko salama. Mama anatembea. Kahawa imezaa vizuri kuliko mwaka jana.

Nthiga alifika Kanyakine, ndiyo. Hakupita hapa, labda alikuwa na haraka. Uji ulikuwapo.

Dukani kazi ni ya kiasi. Wale wa shule ya Kanyakine waliokuwa waagize mabati hawakuagiza kwetu. Baba anasema mwaka mmoja hupanda na mwingine hushuka. Amenituma nikuandikie kwamba ukiona Nthiga anaweka mabati kwenye unyevu umwambie ayasimamishe, asiyalaze, yataota madoa meupe.

Kiende hajambo. Anafundisha. Harusi itakuja.

Mithika


Embu,
10 Agosti 1986

Kaka wa pekee,

Nina hadithi tamu mpaka nimeacha vyombo ndani ya maji ili nikuandikie! Lakini kwanza hamjambo? Barua yako ilikuwa fupi kama ya mtu wa simu ya upepo anayelipia kila neno, ulikuwa na homa? Kunywa supu.

Haya sikiliza. Wiki iliyopita chama cha kahawa cha huko kwetu Githongo kiliita wauzaji waje na bei za mabati na bomba za ghala jipya. Wewe unajua kuliko mimi. Nthiga naye akaenda, akakaa kwenye benchi pamoja na wengine. Mara nani anaingia? Baba! Amevaa koti lake la kanisani na kofia, ameshika karatasi. Nthiga akainuka. Baba akamwona. Anasema Baba alisimama pale mlangoni kidogo tu, kisha akakunja ile karatasi akaitia mfukoni, akamjia akamsalimu kwa mikono yote miwili.

Katibu akamwambia, "Mzee Thuranira, tulikuwa tunakungoja. Bei yako je?"

"Bei gani?" Baba akasema. "Mimi nimesikia mkwe wangu yuko hapa, nimekuja kumwona."

"Na koti lote hilo?"

"Mkwe wako wewe humwendea na shati la kuchumia kahawa?"

Watu wakacheka, Baba akatuma soda iletwe kwa Nthiga, akakaa naye mpaka akainywa, kisha akaenda zake. Na Nthiga akapata ile kazi yote!

Mithika, ni nani mwenye baba kama wetu? Kutembea kutoka dukani hadi chamani, jua kali, ili tu kumpa mkwe heshima mbele ya watu! Nthiga alinisimulia taratibu sana, hakucheka hata nilipocheka mimi mwenyewe. Nadhani iligusa moyo wake. Nilimkumbatia. Baba amechoka biashara siku hizi, sivyo? Ni umri. Mwambie namshukuru kwa heshima ile, nitaikumbuka mpaka nizeeke.

Nawapenda kuliko wino unavyoweza kusema,
Karambu


Embu,
21 Septemba 1986

Mithika,

Je, mmehama? Posta imechomeka? Namngoja Nthiga arudi kutoka posta kama nilivyokuwa nikimngoja na misumari yake. Natumaini Mama yuko sawa. Natumaini ni uvivu tu wa kaka yangu.

Basi nitakuamsha: utakuwa mjomba! Mwezi wa nne, Mungu akipenda. Sijawahi kutapika kwa furaha hivi. Nthiga ameninunulia kiti chenye mgongo, na hataki niinue hata kilo ya misumari. Tumeajiri watu wawili na tumekodi chumba cha pili. Kila kitu kinachipuka, kaka, kila kitu! Krismasi nitakuja huko mnione.

Msomee Baba. Mwambie Kiende. Andika jamani.

Karambu na mwenzake mdogo


Githongo,
12 Oktoba 1986

Karambu,

Mungu ni mwema. Nilimsomea Baba habari za mtoto, akavua kofia, akaniambia nisome tena hapo. Mama ametuma unga wa wimbi, utaupata kwa Mutegi, yule anayenunua ndizi Mitunguu na kuziuza soko la Embu. Ni mtu wa kuaminika, hufika huko kila Jumatano. Mjue kwa sura.

Sisi tuko. Lori linatengenezwa. Umesema utakuja Krismasi, lakini Mama anasema mwenye mimba asitikiswe njiani. Tafadhali usije. Tutakuja sisi baadaye.

Kula vizuri.

Mithika


Embu,
14 Desemba 1986

Kaka,

Salamu. Mimi na mtoto hatujambo.

Jana mchana nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti, nikasikia lori likipinda kuingia uani. Nilijua kabla ya kuona. Nililijua kwa ile gia ya pili inayolalamika. Nilisimama nikaita, "Baba!" Nikakimbia, na tumbo langu, nikijua ni nyinyi mmekuja kunishtukiza.

Ni Nthiga aliyeshuka. Pale kwenye mlango wa lori palipoandikwa jina la Baba kwa rangi nyeupe palikuwa pamepakwa bluu mpya, hata haijakauka. Wafanyakazi wakapiga makofi. Nthiga akaniambia, "Nimelipata kwa dalali wa Chuka. Nilidhani utafurahi libaki katika familia."

Na nilifurahi, Mithika. Naona aibu kukwambia, nilifurahi muda wa kufika mlangoni. Kisha nikagusa ile rangi, ikashika mkono wangu.

Uliniandikia linatengenezwa. Kwa nini Baba ameuza lori? Anaumwa? Usiniambie habari za mguu wa Mama na ng'ombe. Barua hii naipeleka mwenyewe kwa Mutegi sokoni, na jibu mpe yeye, alete mkononi mwangu. Halitapita kwenye sanduku la posta.

Karambu


Githongo,
3 Januari 1987

Dada yangu,

Mama ni mzima, Baba ni mzima. Nimeanza na hayo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Duka halipo tena. Tulilifunga Novemba. Ndani sasa kuna fundi wa cherehani na magunia ya viazi ya mtu mwingine.

Ningekuandikia mapema, lakini barua hufunguliwa na yeye, na Baba alinikataza. Sasa umeuliza, nami siwezi kuendelea kukuandikia habari za ng'ombe.

Siku ile chamani mimi nilikuwa nje, ndani ya lori, na vipande vya bati vya kuonyesha. Baba hakwenda kumwona mkwe. Alikwenda na bei, karatasi ile niliiandika mimi, tuliikokotoa naye siku nzima. Tulikuwa tumetoka kuikosa shule ya Kanyakine, na hii ingetushika mwaka mzima. Alirudi upesi mno. Akapanda, akasema, "Washa gari." Nikamwuliza wamesema nini. Akasema, "Nthiga yuko ndani." Basi. Alikuwa amenunua na soda.

Tangu hapo kila tulikokwenda aliuliza mlangoni kabla hata ya salamu, "Mkwe wangu amefika hapa?" Wakisema amefika, aligeuka. Na alikuwa amefika kila mahali, Karambu. Alijua milango yote. Alijua hata ni nani hapatikani Alhamisi.

Niligombana na Baba. Nilimpigia kelele kama mtoto asiye na adabu. "Baba, hii ni biashara! Huyu si mkwe pale, ni muuzaji kama wewe!"

Akaniambia, "Mithika, nikimshinda, jioni atarudi nyumbani na uso gani?"

"Wa mtu aliyeshindwa. Kwani nini?"

"Na atakayeuona huo uso ni nani?"

Nikainuka nitoke.

"Ni Karambu," akasema. "Kila jioni atautazama na kujua ni mimi niliyeuleta. Siwezi kumwoza mtoto kisha nikasimama mlangoni kwake kuzuia riziki isiingie."

Basi tukafunga mlango wetu. Lori lilichukuliwa na dalali, hakusema anamnunulia nani. Baba asiambiwe limefika wapi. Mimi niko Mitunguu siku nyingi za wiki, kwenye kile kipande chetu cha shamba bondeni, natengeneza mifereji ya kumwagilia ndizi. Si kazi mbaya. Joto ni jingi.

Umeniuliza habari za Kiende barua baada ya barua. Aliolewa Desemba. Baba yake alinipa muda, siwezi kumlaumu, aliniambia alipokubali nilikuwa mwana wa duka, na sasa mimi ni mtu wa mifereji. Kiende mwenyewe alikuja kuniambia. Tulisimama shambani, kisha nikamsindikiza hadi barabarani.

Jambo moja ninalokuomba. Baba hajui kwamba unajua. Barua zako bado namsomea, na zile za zamani ananirudishia nisome. Huketi kusikiliza amevaa lile koti la kanisani. Ile ya soda nilimsomea mara moja tu, nikairuka mistari.

Mithika


Embu,
25 Januari 1987

Kaka Mithika,

Sina salamu nzuri. Nilizitafuta.

Nilimwuliza. Nilingoja duka lifungwe, nikaketi kwenye ile kreti yake, nikamwachia yeye kiti.

"Siku ile chamani, ulijua Baba alikuja na bei?"

Akasema, "Alikuwa na karatasi mkononi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanywa soda."

"Ningefanya nini, Karambu? Yeye ndiye aliyenyamaza kwanza. Ningemwaibisha mbele ya watu?"

"Na baada ya hapo? Kanyakine, na kule kwingine kote?"

Akasogeza kiti. Kisha akasema, "Hapa Embu kuna maduka makubwa ya watu wa miaka mingi. Ningeshindana nao na nini? Kule kwenu nilikuwa na hakika."

"Hakika ya nini?"

"Kwamba mzee hatasimama mbele yangu."

Aliyasema polepole, bila ukali, kama mtu anayemweleza mwenzake njia. Nilimwambia arudishe lori, awaachie nyinyi Meru, arudi kuuza misumari kwa watu wake wa Embu. Akasema nikumbuke mtoto, nikumbuke wale watu wawili na mishahara yao, na kwamba duka la Baba limeshafungwa, na yeye akiondoka kule atakuja mtu wa tatu, si Baba. Alisema kweli. Hicho ndicho kilichonichoma.

Na bado ananipenda, kaka. Ingekuwa rahisi angekuwa mtu mbaya. Asubuhi alileta chai kitandani kama kawaida. Nimewaza ile misumari, kwamba alikuwa akinijia mimi, au alikuwa akitazama mizani, na magari, na nani anaingia na kutoka. Nilimwuliza hilo pia. Alilia. Sijui kama machozi ni jibu.

Milango ile yote ni mimi niliyemfungulia, nikiwa nimekaa juu ya kiti kama malkia. Kiende wako pia ni mimi. Sijui nimwandikie nini.

Njoo unichukue. Kodi gari lolote. Nitazaa huko, nitalala jikoni na Mama. Siwezi kukaa katika nyumba iliyoezekwa kwa paa la kwetu.

Karambu


Mitunguu,
22 Februari 1987

Dada,

Nilichelewa kwa sababu sikujua la kukuandikia. Ukiniita nitakuja. Nimeshaongea na mwenye pikapu. Sitakwambia uje wala usije.

Lakini nilimwuliza Baba kwa mbali, kana kwamba nasimulia habari za watu wa Mikinduri. Nikasema, kuna binti huko ametaka kurudi nyumbani, kwa kuwa mumewe alimmaliza baba yake kwa biashara. Baba alikuwa akipogoa kahawa. Hakugeuka.

"Huyo baba alifanya nini?" akauliza.

"Alimwachia mkwe, akafunga duka."

"Na binti akirudi?"

"Basi amerudi."

Akakata tawi moja, halafu jingine. "Basi huyo mzee alifunga duka bure," akasema.

Sijui kama alijua nazungumza juu ya nani. Baadaye alinifuata hadi barabarani akaniuliza mbona Karambu hajaandika tangu mwaka uanze. Nikasema ni posta. Akasema, "Posta ya Embu haikuwa hivyo." Mama anasema usiku humwuliza kama wenye mimba ya kwanza huwa wanachoka kuandika.

Kiende asikusumbue. Hilo ni langu.

Niambie nije au nisije.

Mithika


Embu,
15 Machi 1987

Kaka, kikaratasi hiki ni chako. Usije. Kirefu kilichokunjwa ndani msomee Baba, umsomee kwa sauti kubwa kama zamani, wala usiruke mstari. Kisha usiniandikie uso wake ulikuwaje.

K.


Embu,
15 Machi 1987

Baba yangu, na Mama, na Mithika,

Salamu ziwafikie zikipiga vigelegele! Mnisamehe ukimya, mwenzenu nimekuwa mkubwa kama tangi la maji, na kalamu nikiiangusha siwezi kuinama kuiokota. Nthiga huiokota. Anawasalimu sana, na mama mkwe anawasalimu, amesuka kikapu kizima akimngojea mgeni wetu. Mkunga amesema mtoto amekaa vizuri. Anapiga teke kama mtu anayenyosha mapipa, hata nimemwambia ahamie ng'ambo ya mto.

Baba, Mithika aliniambia umepumzika kazi ya duka. Nilifurahi sana kusikia. Umefanya kazi tangu punda, ni haki yako sasa ukae kwenye kahawa yako. Nilimwambia Nthiga, akasema hajapata kuona mtu mwenye heshima kukushinda. Ni kweli alisema hivyo.

Huku kwetu kazi iko na amani iko. Sijaona uso wa huzuni hapa nyumbani, Baba, hata jioni moja. Anarudi akiwa vile vile alivyotoka.

Sasa majina. Wa kwanza akiwa mvulana ni wa kwao, ataitwa Mbogo kama babake Nthiga, hilo halina mjadala. Wa pili ndiye wako. Kwa hivyo mwambie Mama asianze kupanga eti nitakuja kukaa nanyi, nina kazi huku. Nitakaa mpaka Thuranira azaliwe. Na akizaliwa nitakaa hadi ajue kuketi, na kutembea, na kumwita Nthiga baba.

Nina furaha, Baba. Lala usingizi.

Binti yako,
Karambu